Samaki 153: Nani Alihesabu?

Mahubiri ya ibada ya Jumapili
Andiko kuu: Yohana 21:1-14
Soma pia nyumbani: Luka 5:1-11, Marko 1:16-20, Ruthu 2, Yoshua 7, Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Mithali 11:1

Mwambie jirani yako, "Leo Bwana amekuja ufuoni." Mwambie na yule wa upande wa pili, asije akasema hakuambiwa.

Wapendwa, andiko la leo mnalijua. Wanafunzi saba wa Yesu wamekesha ziwani usiku mzima na hawajapata kitu. Kunapambazuka, kuna mtu amesimama ufuoni na hawajamtambua. Anawaelekeza watupe wavu upande wa kuume. Wanatupa, na wavu unakuwa mzito hata hawawezi kuuingiza mashuani. Kila mhubiri akifika hapo anapaza sauti, na kanisa linasimama na kushangilia. Si ndivyo?

Leo sitaki tusimame hapo. Nataka tufike mstari wa 11, mahali ambapo huwa tunapita mbio. Yohana anasema Petro aliuvuta wavu mpaka nchi kavu, na ndani yake kulikuwa na samaki wakubwa 153. Hakuandika "wengi sana". Hakuandika "kama mia na hamsini hivi". Aliandika 153. Kisha akaongeza kwamba pamoja na wingi huo wavu haukupasuka.

Sasa swali langu ni hili: nani alihesabu?

Hebu fikiria. Bwana aliyefufuka amesimama pale pale. Makaa yanawaka. Ni saa ya muujiza. Na katikati ya muujiza kuna mtu amechuchumaa kwenye mchanga anahesabu: mmoja, wawili, watatu, hadi 153. Andiko halimtaji. Lakini hawa walikuwa wavuvi, na mvuvi wa kweli haondoki ufuoni bila kujua amepata nini. Yesu hakumkemea. Hakumwambia, "Wewe huna imani, mbona unahesabu baraka?" Idadi ile imeingia kwenye Injili na tunaisoma mpaka leo.

Hili ndilo neno la leo, na ukisahau mengine yote ushike hili: baraka ya Mungu haiogopi kuhesabiwa. Na pale ambapo mvuvi hahesabu samaki wake, kuna mtu mwingine atamhesabia, na huyo mwingine ndiye atakayeshiba.

1. BWANA ALIULIZA HABARI ZA CHAKULA

Angalia Yesu alivyoanza. Hakuwauliza kama wamefunga na kuomba. Aliwauliza kama wamepata chochote cha kula. Mwana wa Mungu ametoka kaburini, ameshinda mauti, na anawauliza wavuvi habari za sufuria zao!

Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba mambo ya omena na mbuta si mambo ya kiroho. Hapa Mbita, na kule Rusinga, na Mfangano, na fuo zote mpaka Usenge na Port Victoria, kanisa linaishi kwa ziwa. Ziwa likikohoa, sadaka inaugua homa. Mwezi ukiwa mkubwa na wavuvi wa omena wamepumzika, mimi nauona mwezi huo kwenye kikapu cha sadaka kabla sijauona angani. Mnacheka, lakini mnajua nasema kweli.

Ziwa letu ni kubwa, takriban kilomita za mraba 68,800, lakini sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Tunavua wengi mahali padogo. Vijana wetu wakifuata samaki mbali wanavuka mpaka na kukamatwa. Sokoni nako tunakutana na samaki wa barafu kutoka China, anauzwa kwa bei ambayo ngege wetu hawezi kushindana nayo. Hayo yote ni kweli na ni mazito.

Lakini hata kile kidogo ambacho Mungu anatupa usiku, je, kinafika nyumbani asubuhi? Mimi ni mchungaji wenu, na ninaingia nyumba zenu. Naona mtu amevua miaka 20 na bado anakopa karo. Naona mama amekausha omena tangu akiwa msichana, na mabati ya nyumba bado ni yale yale. Samaki wamekuwa wakipatikana. Wameenda wapi? Huo ndio usiku wa kweli wa wavuvi wetu: wavu unatoka na kitu, na mkono unarudi mtupu.

Na tukiulizwa sababu, tunasema ni uchawi. Tunasema kuna mtu amefunga ziwa. Mnaniletea mashua niipake mafuta. Nitaipaka, sikatai, maombi yana nguvu. Lakini sikiza, ndugu yangu. Mafuta ya upako hayarekebishi mizani iliyochezewa. Wakati mwingine aliyefunga ziwa si mchawi. Ni kamba ya mizani.

2. SAMAKI WALIHESABIWA

Mithali 11:1 inatuonyesha kwamba mizani ya uongo inamchukiza Mungu, na kipimo cha haki kinamfurahisha. Sulemani hakuwa akihubiria maduka ya Nairobi peke yake. Twende polepole hapa, maana najua wanunuzi wako kanisani na wauzaji wako kanisani.

Mvuvi anafika asubuhi, amechoka, macho mekundu. Mnunuzi ametundika mizani. Mvuvi haangalii. Anaambiwa "kilo tisa" na anaitikia "kilo tisa". Kumbe zilikuwa kumi. Kwenye omena ni beseni lililokunjwa, au ndoo inayojazwa hadi kilima wakati wa kununua na kusawazishwa wakati wa kuuza. Ama ni gorogoro lililogongwa chini mpaka limeingia ndani. Nasikia mtu wa nyuma ameguna. Guna tu, ndugu, ni Roho.

Tufanye hesabu, na huu ni mfano tu. Tuseme unauza kilo 20 kwa siku, na mizani inakula kilo moja katika kila kumi. Umepoteza kilo mbili. Ukivua siku 25 kwa mwezi ni kilo 50. Kwa bei ya shilingi 300 kwa kilo, umeacha ufuoni shilingi 15,000 kwa mwezi mmoja. Hiyo ni karo. Hiyo ni nyavu mpya. Na wewe ulikuwa unafunga na kuomba Mungu akupe karo, wakati alishakupa ikaishia kwenye mizani.

Serikali inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Kuuliza kama mizani ina muhuri si utovu wa adabu. Ni haki yako. Lakini mtu mmoja akiuliza anaambiwa apeleke samaki wake kwingine. Wakiuliza 40 kwa pamoja, mizani inabadilishwa siku hiyo hiyo.

Kuna wengine hata wakiona mizani ni mbovu hawawezi kusema kitu. Kwa nini? Kwa sababu nyavu alizovulia ni za mnunuzi. Injini ni ya mnunuzi. Hata pesa za hospitali mwezi uliopita zilitoka kwa mnunuzi. Sasa samaki ana mwenyewe kabla hajavuliwa. Mithali 22:7 inatuonya kwamba anayekopa huwa mtumwa wa aliyemkopesha. Simlaani mnunuzi, wako wanunuzi waaminifu, na bila wao mbuta angeoza. Lakini deni lisilo na daftari halina mwisho. Kama hujui umeshalipa kiasi gani, utalipa mpaka ufe, na mtoto wako atarithi kamba hiyo.

3. WAVU HAUKUPASUKA

Sasa linganisha na Luka sura ya 5. Kule mwanzo, Petro alipovua kwa neno la Yesu, nyavu zilikaribia kukatika na mashua zilitaka kuzama. Hatuambiwi walikuwa samaki wangapi. Katika Yohana 21 samaki wanahesabiwa na wavu ni mzima. Ni Bwana yule yule na ziwa lile lile, lakini hawa ni watu ambao wametembea na Yesu. Kukua kiroho kunaonekana hata kwenye wavu.

Na hawa walikuwa watu wa kutunza nyavu. Luka anasema asubuhi ile, baada ya usiku wa bure, walikuwa wanaosha nyavu zao. Marko anasema Yakobo na Yohana waliitwa wakiwa mashuani wanatengeneza nyavu. Yesu aliwaita watu waliokuwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa ya kushona matundu.

Wavu wetu leo una matundu gani? Nitataja matatu.

Tundu la kwanza ni kuvua watoto. Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Mungu anamwambia Mwisraeli kwamba akikuta kiota, asimchukue ndege mama pamoja na makinda. Mama amwache aende, ndipo siku zake ziwe nyingi. Hiyo ni sheria ya uvuvi iliyotolewa kwa habari ya ndege! Leo sheria inasema mbuta anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 hadi 85. Chini ya 50 ni mtoto. Juu ya 85 ni mama mzazi, mwacheni azae. Omena ina miezi yake ya kupumzika, Aprili mpaka Julai. Najua miezi hiyo ni migumu, nyumba inalala na uji. Ndiyo maana nitazungumzia akiba. Lakini mtu anayeenda usiku na chandarua cha mbu kuvua vifaranga vya ngege, kisha Jumapili analeta ushuhuda wa mavuno, huyo ameiba mavuno ya mwanawe mwenyewe. Wazee hapa mnakumbuka fulu. Mbuta aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka. Msidhani ziwa haliwezi kuishiwa.

Tundu la pili ni uchafu. Mnamkumbuka Akani, Yoshua 7? Mtu mmoja aliiba, akaficha hemani, na jeshi zima likapigwa. Sisi pia tulipata Akani wetu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa sumu. Wachache walimwaga sumu, na nchi tatu zikafungiwa soko. Aliyevua kwa haki alilala njaa pamoja na aliyetia sumu. Kwa hiyo usiseme "mambo ya ufuo si yangu". Choo cha ufuoni ni chako. Maji ya kuoshea samaki ni yako. Ukiona mtu anafanya ubaya ukanyamaza, umelala hema moja na Akani.

Tundu la tatu ni kuoza. Mbuta akikaa juani bila barafu, mnunuzi hahitaji kubishana nawe. Anakaa kivulini anakunywa soda, anangoja saa sita. Saa sita wewe mwenyewe utamfuata. Asiye na barafu hapangi bei. Na kina mama wa omena, mnaanika mchangani, kuku wanapita, mbwa wanapita, mvua inakuja mnakimbia na magunia. Omena yenye mchanga mnajua inaenda wapi: chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Omena ile ile ikianikwa juu ya kichanja cha miti na wavu, upepo ukapita chini yake, inakauka haraka, inatoka safi, na duka la mjini litaipokea. Mungu alishakupa samaki na jua. Amekuachia kazi ya kichanja.

4. SHAMBA LA BOAZI

Sasa nafika mahali pagumu. Naomba wazazi wasiwatoe watoto wakubwa nje. Nao wasikie, maana ndio wanaoishi nayo.

Mama mmoja alikuja kwangu kuombewa. Aliniambia, "Pasta, Jumapili mimi nimeokoka. Jumatatu saa kumi na moja asubuhi niko ufuoni, na samaki pale hanunuliwi kwa pesa peke yake." Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mafuta.

Hapa kwetu jambo hilo lina jina, jaboya. Sitalifunika kwa Kiswahili kizuri. Mwanamume ana samaki, mwanamke ana watoto, na samaki ni wachache kuliko kina mama waliosimama na mabeseni. Asiyekubali anarudi na beseni tupu. Na tumeona matunda yake. Kaunti zetu za ziwa, Homa Bay, Siaya na Kisumu, kwa miaka mingi zimekuwa miongoni mwa zenye maambukizi mengi zaidi ya Ukimwi katika Kenya. Mimi nimezika. Nimewazika wanaume kwa wanawake, na nimewashika mikono watoto waliobaki kaburini.

Soma Ruthu sura ya 2. Ruthu ni mjane, mgeni, hana kitu. Anaenda shambani kwa watu kuokota masuke. Kila mwanamume pale alikuwa na nguvu juu yake. Boazi alifanya nini? Mstari wa 9, aliwaamuru vijana wake wasimguse. Mstari wa 16, akawaagiza waangushe masuke kwa makusudi ili aokote. Hakungoja Ruthu aje alalamike. Aliweka sheria shambani mwake kabla ya ubaya kutokea. Kwa Boazi mwanamke maskini alirudi nyumbani na shayiri, na heshima yake haikuguswa.

Ninyi wenye mashua, mashua yako ni shamba lako. Vijana unaowaajiri ni vijana wako. Umewaambia nini? Kama hujawaambia kitu, umewaambia wafanye watakavyo.

Na kina mama, hamkuumbwa kungoja huruma tu. Mwaka 2011, wanawake wa ufuo wa Nduru kule Nyakach walikataa biashara ya samaki kwa mwili. Walipata msaada, wakamiliki mashua zao wenyewe, na wakaajiri wanaume wa kuvua. Mwenye mashua ndiye anayeamua samaki watauzwa kwa nani! Safari haikuwa rahisi. Mashua ziliharibika, na mafuriko ya 2020 yaliwafukuza watu makwao. Lakini waliiondoa aibu kwa kushika umiliki, na hilo halikusombwa na maji. Mwanamke wa Mithali 31 anajua kama biashara yake ina faida. Yeye anahesabu!

Najua nani analipa umeme wa jengo hili. Najua ni mashua za nani zilizoleta mabati haya. Nawapenda na ninawaheshimu. Lakini mbele za Mungu nasema: sadaka inayotoka kwenye machozi ya mama wa ufuoni, siitaki madhabahuni. Afadhali tuabudu kwa taa ya karabai. Kuanzia leo, mtu ambaye itathibitishwa kwa ushahidi wa wawili au watatu kwamba anafanya jaboya, au anajua vijana wake wanafanya na amenyamaza, hatashika ofisi katika kanisa hili. Awe mzee, awe shemasi, awe mwimbaji. Atapewa nafasi ya kutubu kama kila mtu, mlango uko wazi. Na mama aliyefanyiwa hivyo hatasimamishwa mbele ya watu kuulizwa maswali. Ataonana na mama mchungaji na wazee wa kike, kwa siri, na tutamsaidia kufika hospitali na kupata mtaji mwingine.

5. MASHUA YA PILI

Mwisho. Petro alipoona wavu unamshinda, kule Luka 5, alifanya nini? Aliwapungia mkono wenzake wa mashua ya pili waje wasaidie. Luka anasema Yakobo na Yohana walikuwa washirika wa Simoni. Marko anasema baba yao Zebedayo alikuwa na watu wa kuajiriwa. Mnaona? Mitume walikuwa na ushirika wa uvuvi kabla ya kuwa na ushirika wa Injili. Petro angekuwa peke yake siku hiyo, muujiza ungemzamisha.

Sisi tunaombea samaki wengi na hatuna mashua ya pili. Kila mtu na mnunuzi wake, kila mtu na deni lake, kila mtu na siri yake. Wakati wa msiba tunachanga ndani ya saa moja. Watu wanaoweza kununua jeneza pamoja wanashindwaje kununua sanduku la barafu pamoja?

Kwa hiyo, wapendwa, tunatoka hapa na mambo manne.

Kwanza, kila mwenye mashua na kila mchuuzi wa kanisa hili aanze daftari wiki hii. Samaki walioingia, bei, mafuta, deni, vijana walilipwa kiasi gani. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinamfikia Bwana. Kijana wako aandikiwe chake. Asiyejua kuandika, watoto wa sekondari watakaa naye kila Jumamosi alasiri.

Pili, wazee wamekubali tuweke mizani kwenye uwanja wa kanisa, iliyokaguliwa na yenye muhuri. Yeyote, Mkristo au Mwislamu au asiye na dini, aje apime bure ajue kilo zake. Tumeiweka wazi ili kila mtu ajue kipimo cha kweli kinafananaje.

Tatu, idara ya kina mama itaanza vichanja vya kuanika omena. Miti ipo, nyavu kuukuu zipo. Tunaanza na vichache, tunaona, tunaongeza. Na akiba ya kila wiki iwepo, hata shilingi 50, ili Aprili ikifika nyumba isilazimike kuchagua kati ya njaa na kuvunja sheria.

Nne, waumini wahudhurie mikutano ya BMU. Tangu kanuni za 2007, ufuo una kamati yake, na uanachama si wa wenye mashua peke yao. Wavuvi wa kuajiriwa na wachuuzi wamo. Lakini tunakaa kwenye maombi ya mchana, kamati inachaguliwa na watu 15, kisha tunalalamika miaka yote. Ombeni asubuhi, mkutano mchana. Mungu atawasikia kote kuwili.

MWITO

Wanafunzi walipofika ufuoni walikuta Yesu ameshawasha makaa, na samaki na mkate vipo. Hakuhitaji samaki wao. Lakini aliwaambia walete na wale waliovua. Aliheshimu jasho lao, akaliweka juu ya moto pamoja na cha kwake, na wote wakala. Huyo ndiye Mwokozi ninayemhubiri. Hafanyi mahesabu ya kumpunja mtu. Hampi mwanamke chakula kwa masharti ya aibu. Anakupikia kwanza.

Kama wewe ni mvuvi na unajua mizani yako si ya haki, njoo. Kama umewafanyia dada zetu ubaya, njoo, usione haya kutubu mbele za Mungu na kurekebisha mbele za watu. Kama wewe ni mama na umechoka, njoo, hapa hakuna atakayekunyoshea kidole. Bwana yuko ufuoni, na makaa yanawaka.

SALA

Baba, asante kwa ziwa, na kwa kila samaki uliyeweka ndani yake. Tusamehe kwa mizani ya uongo, kwa watoto wa samaki tuliowavua, kwa dada zetu tuliowaacha ufuoni bila mtetezi. Walinde wanaoingia majini usiku huu, wakati wa upepo na dhoruba. Utupe mikono ya kuhesabu kwa haki na mioyo ya kushirikiana. Wavu wetu usipasuke. Katika jina la Yesu, amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika kazi yako, ni nani anayehesabu: wewe au mtu mwingine? Tangu lini?
2. Soma Ruthu 2:8-16. Mwenye mashua wa leo afanye nini ili ufuo wake uwe kama shamba la Boazi? Taja mambo mawili yanayoweza kuanza wiki hii.
3. Ni hitaji gani ambalo hakuna mmoja wetu anayeweza kulinunua peke yake, lakini kikundi chetu kinaweza? Nani ataandika majina na michango?